Nishani ya Mwele: kabla hujatoa pesa, soma ukingo wake

Jumanne moja baada ya alasiri, kijana wa jirani hapa Mkongani alinikuta barazani, simu mkononi. "Ami, hebu nitazamie hii," akaniambia. Kwenye picha palikuwa na nishani ya mviringo, rangi ya fedha, ina kichwa cha Malkia Victoria na utepe wa manjano wenye mistari myeusi. Juu ya utepe kumebanwa kipande chembamba cha chuma kilichoandikwa MWELE 1895. Dalali mmoja wa vitu vya kale kule Ukunda alikuwa anaitaka shilingi 45,000. Maelezo yake ni kwamba hiyo ni nishani ya mpiganaji wa Shehe Mbaruk, imetoka kwenye sanduku la bibi mmoja wa Gazi. Na kwa kuwa kwao kijana imesimuliwa miaka yote kwamba babu mzaa babu alikuwako Mwele siku ile, wajomba walishaanza kuchanga. Elfu ishirini zilikuwa tayari.

Nikamwambia awarudishie watu pesa zao.

Sikuwa nimeishika nishani yenyewe wala kuipima. Picha ilitosha, kwa sababu mbili, na zote mbili hazihitaji mizani wala sonara. Zahitaji kujua kilichotokea.

Mwele ni huku huku kwetu, upande wa vilima vya Shimba. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyekuwa na makao yake Gazi, alikuwa na boma huko msituni la kukimbilia mambo yakichacha pwani. Mwaka 1895 mgogoro wa nani arithi uliwali wa Takaungu uligeuka vita baina ya Wamazrui na Waingereza. Admirali Harry Rawson akateremsha mabaharia kutoka meli zake za vita, wakapanda bara pamoja na askari wa Kisudani na askari wa serikali ya Unguja waliokuwa chini ya Lloyd Mathews. Boma la Mwele likaangushwa tarehe 17 Agosti 1895. Mbaruk hakushikwa. Aliendelea kupigana mpaka Aprili 1896, alipovuka mpaka na watu wake akaingia kwa Wajerumani, na Dar es Salaam ndiko alikofia.

Waingereza waliwapa watu wao nishani kwa kazi hiyo. Nishani yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya Mwele. Ni ile waliyoiita ya Afrika Mashariki na Magharibi, iliyotolewa kwa vita vidogo vidogo vingi vya miaka ile. Kila vita kilikuwa na klaspu yake, yaani kile kipande chembamba kinachobanwa juu ya utepe kikiwa na jina la mahali na mwaka. Watu wa Lamu watafurahi au watachukia kujua kwamba iko klaspu ya Witu ya 1890 na nyingine ya Witu ya Agosti 1893, na iko ya mto Juba ya 1893. Lakini Mwele haikupewa klaspu. Jina Mwele na mwaka wake vilichongwa kwenye ukingo wa nishani, pale pembeni unapopapasa kwa kidole kama unavyopapasa ukingo wa sarafu. Kwa hivyo yeyote anayekuletea klaspu ya MWELE anakuletea kitu ambacho serikali ya Victoria haikupata kukitoa. Aliyeitengeneza ameona klaspu za Witu, akadhani na Mwele lazima iwe nayo.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo iliyomnyamazisha yule kijana. Hata kama nishani ingekuwa halisi kabisa, yenye jina ukingoni, isingekuwa ya mpiganaji wa Mbaruk. Nishani ile walipewa waliokwenda kulivunja boma. Waliokuwa ndani ya boma hawakupewa kitu. Familia ilikuwa inachanga elfu arobaini na tano kununua kumbukumbu ya babu, na ambacho wangepata, kingekuwa cha kweli, ni zawadi ya mtu aliyemlenga babu bunduki.

Nimeliweka hili mbele kwa sababu watu wakisikia "nishani bandia" hufikiria chuma tu. Chuma kibaya ni nusu ya hadaa, na ni nusu nyepesi. Nusu nyingine ni nishani halisi iliyovishwa hadithi ya uongo, na hiyo huwezi kuikamata kwa sumaku.

Mfano mwingine wa aina hiyo uko katika nyumba nyingi za Kenya. Iko nishani ya fedha ya Malkia Elizabeth, utepe wa manjano wenye kingo nyeusi na vistari viwili vyembamba vya kijani katikati, na klaspu imeandikwa KENYA. Nyuma yake kuna neno AFRICA chini ya picha ya mwanamke na simba. Nimesikia zaidi ya mara moja ikiuzwa kama "nishani ya Uhuru" au "nishani ya shujaa wa Mau Mau". Siyo. Ni nishani ya utumishi wa jumla wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1902, na klaspu ya KENYA ilitolewa kwa wanajeshi na polisi waliopigana na Mau Mau kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Kama babu yako alikuwa KAR au polisi miaka ile na kaiacha sandukuni bila kuizungumza, pengine alikuwa na sababu. Ukiikuta, itunze, maana ni sehemu ya maisha yake. Lakini usimwache dalali akubadilishie upande aliosimama.

Sasa chuma.

Nishani halisi za zama zile ziligongwa kwa mhuri wa chuma kigumu na mashine nzito, kama sarafu. Za kughushi nyingi husubiwa: mtu huchukua nishani halisi, hutengeneza kalibu, humimina madini yaliyoyeyuka. Kusubu huacha alama. Chukua kioo cha kukuzia, kile cha fundi saa kinatosha, utazame uso wa mfalme na nywele zake. Katika ile iliyogongwa nywele ni kali na herufi zina kona. Katika iliyosubiwa kila kitu kimelainika, kama sabuni iliyotumika siku mbili. Tafuta vitundu vidogo vidogo kwenye sehemu iliyo tupu, ile isiyo na picha wala maandishi, vilivyoachwa na hewa. Kisha tembeza ukucha ukingoni uone kama kuna mshono pale pande mbili za kalibu zilipokutana, au mikwaruzo ya tupa iliyotumika kuuficha.

Kipimo nacho husema. Nishani nyingi za mviringo za Kiingereza, kuanzia ile ya vita vya kwanza vya dunia mpaka ile ya vita vya pili, zina upana wa milimita 36. Madini yakipoa husinyaa, kwa hivyo nakala ya kusubu mara nyingi hupungua kidogo. Rula ya shule haitakupa hakika; mwombe fundi wa mashine kalipa yake. Na usipime mara moja. Zungusha nishani upime sehemu nne au tano. Ukikuta upana unapungua upande mmoja, jina la asili limesuguliwa kwa tupa ili liandikwe jingine. Hapo nishani ni halisi, fedha ni halisi, ila mwenyewe ndiye ameuawa mara ya pili.

Sumaku ni ya bei rahisi na hukosea mara chache ukijua unatafuta nini. Fedha haishikwi na sumaku. Shaba haishikwi. Mchanganyiko wa shaba na nikeli, ule wa shilingi nyeupe za zamani za Mzee Kenyatta, haushikwi pia. Nishani ya Mfalme George ikiruka na kuganda kwenye sumaku, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Msalaba wa Chuma wa Kijerumani, ambao huuzwa sana kwa watalii, ni kinyume: ule halisi kwa kawaida una kiini cha chuma kilichozungushiwa fremu, basi huo unatarajiwa ushikwe.

Utepe usikupumbaze. Watu hubadilisha utepe uliochakaa, kwa hivyo utepe mpya hauihukumu nishani, wala utepe mkuukuu hauitakasi. Lakini iko hila moja nzuri. Ile taa ya zambarau wanayokagulia noti madukani, imulike juu ya utepe gizani. Nyuzi nyingi za kisasa na vitambaa vilivyooshwa kwa sabuni za kisasa hung'aa buluu. Hariri na pamba za miaka ya 1890 hazing'ai hivyo. Muuzaji akikuapia kwamba utepe ni ule ule aliovaa mwenyewe mwaka 1895, nao unawaka kama shati la harusi, umeshapata jibu lako.

Na ukungu wa kijani au weusi wa kizee si ushahidi. Siki na chumvi hufanya kazi hiyo kwa siku chache, na mchanga wa pwani huimaliza. Ukale wa kweli hukaa ndani ya mashimo ya herufi, na sehemu zilizoinuka, pua ya mfalme na kifua cha farasi, huwa zimelika kwa kuguswa. Ule wa kutengenezwa umepakwa sawasawa kila mahali.

Narudi kwenye ukingo, kwa sababu ndiko kwenye mali. Nishani za vita vya kwanza vya dunia zimegongwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Kwetu vita hivyo si habari za mbali. Wajerumani walipanda pwani kutoka upande wa Vanga, wakapigana na Waingereza Gazi mwezi Oktoba 1914. Na Mwele ikarudi tena: Januari 1916 Meja Arthur Wavell, yule Mwingereza aliyewahi kwenda Makka akijifanya hujaji, aliuawa Mwele Ndogo pamoja na watu wa kikosi chake cha Waarabu wa Mombasa. Mnara wao uko Mombasa karibu na Fort Jesus. Wauzaji huzichanganya Mwele hizi mbili. Ukiambiwa nishani ni ya Mwele, uliza ya mwaka gani, kisha tazama kichwa kilichoko mbele. Ikiwa ni 1895, awe Victoria. Ikiwa ni 1916, awe George wa Tano.

Za vita hivyo zilizo nyingi ni mbili. Moja ni ya fedha, nyuma ina mpanda farasi aliye uchi na miaka 1914 na 1918. Ya pili ni ya shaba, mbele ina malaika mwenye mbawa, utepe wake ni wa rangi za upinde wa mvua, na nyuma imeandikwa 1914-1919. Watu wengi wakiona 1919 husema ni kosa la mghushi, vita vilikwisha 1918. Si kosa. Ndivyo zilivyogongwa zote. Nimewahi kuambiwa kuhusu mzee aliyeiuza ya kwake kwa bei ya sufuria kwa sababu mnunuzi alimwonyesha ile 1919 na kumwambia ni feki. Kwa hivyo elimu hii si ya kumlinda mnunuzi peke yake.

Vita vya pili ni kinyume cha vya kwanza, na hapa ndipo familia nyingi huliwa. Nishani walizopewa askari wetu wa KAR kwa vita vya 1939 mpaka 1945 zilitolewa bila jina. Zile za Waafrika Kusini na za Wahindi ziliandikwa majina. Za kwetu, kama za Waingereza wenyewe, hazikuandikwa. Basi ukiwa na nyota ya babu isiyo na jina, usihuzunike wala usikubali kuambiwa ni bandia. Na ukiletewa nyota yenye jina la babu limechongwa vizuri, hilo lilichongwa dukani, jana au mwaka 1950, na halithibitishi kitu.

Nyota hizo ni za rangi ya shaba, pembe sita, katikati zina herufi GRI na VI, taji juu, na jina la nyota limezunguka kwa Kiingereza. Si dhahabu, hata kama zinang'aa. Nyota ya Afrika walipewa pia waliopigana Somalia na Uhabeshi, kwa hivyo askari ambaye hakufika Misri anaweza kuwa nayo kwa haki. Nyota ya Burma ni ya waliovuka bahari: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, na Februari mwaka huo huo meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa ikielekea Colombo na watu karibu 1,300 wakafa. Pamoja na nyota huwa kuna nishani ya mviringo yenye simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili, na miaka 1939 na 1945.

Kwa kuwa hazina jina, cheti ndicho jina. Kile cheti cha kuachiwa jeshini, chenye namba, kikosi na wakati mwingine orodha ya nishani, ni bora kuliko nishani tatu. Nimeona watu wanaifunga nyota kwenye pamba na cheti wanawashia jiko.

Nishani za masultani wa Unguja nazo huzunguka, na nitazigusa kidogo tu. Maandishi yake ni ya Kiarabu, na mghushi asiyesoma Kiarabu husubu herufi bila nukta au huzikata katikati. Mpelekee mwalimu wa madrasa. Akusomee jina na mwaka wa Hijria, kisha ulinganishe: Barghash alitawala 1287 mpaka 1305, Khalifa bin Harub 1329 mpaka 1380. Jina la mmoja na mwaka wa mwingine haviwezi kukaa pamoja.

Kuna jambo jingine linalohusu pesa na lazima niliseme. Wapo wanaopita vijijini wakisema nishani ya babu ina fidia Uingereza, toa elfu tatu ya fomu, tupe na nishani yenyewe "ikakaguliwe". Nishani si hundi. Msaada unaowafikia maveterani wa zamani wa Jumuiya ya Madola hupitia jumuiya yao ya Royal Commonwealth Ex-Services League na vyama vya wanajeshi wastaafu, na unawalenga maveterani walio hai na wajane wao. Anayetaka ada kwanza na nishani mkononi, anachotaka ni nishani.

Kwa anayetaka kuhakikisha, orodha za waliopewa nishani za zamani, za jeshi la nchi kavu na za wanamaji, zimehifadhiwa katika National Archives kule Kew, London. Mtoto aliyeko huko anaweza kuulizia kwa jina na kikosi. Kwa hapa, ipeleke Fort Jesus uwaonyeshe watu wa makumbusho kabla hujamwonyesha mnunuzi. Piga picha mbele, nyuma na ukingo wote ukizungusha, na uandike nani alimpa nani. Na tafadhali usiisugue. Majivu, ndimu na dawa ya vyombo huondoa katika dakika kumi kile ambacho miaka mia ilikiweka, na wakati mwingine huondoa na herufi.

Yule kijana nilimwambia amwombe dalali kitu kimoja tu, picha ya ukingo. Siku mbili kimya. Ya tatu ikaja picha, ukingo mtupu, na mshono wa kalibu unaonekana bila kioo. Bei ilikuwa imeshuka hadi elfu nane.

Bibi yake, aliposikia vurugu za michango zimekwisha, akauliza kumbe walikuwa wanatafuta nini. Akaingia ndani akatoka na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na nishani ya simba na joka, haina jina, utepe umebaki nyuzi, na karatasi iliyokunjwa mara nne ya marehemu babake, yenye muhuri wa KAR. Jina linasomeka. Namba tunaendelea nayo. Tarakimu mbili za mwisho zimeliwa na mchwa.